Neno Lililozurura Nyumba Nzima

3 Mei

Mpendwa Mwalimu,

Salamu nyingi. Wiki hii nimepiga simu yako mara nne na haipatikani, nikaona nirudi kwenye mazoea yetu ya barua.

Kamusi ya wanafunzi, ya Kiingereza kwa Kiswahili, inakaribia kwenda kiwandani kuchapwa. Maneno yako mafupi yote yamefika, isipokuwa moja: set. Mwezi wa pili uliniandikia kwamba umebakiza karatasi mbili tatu tu, na kwamba mpangilio wake una sababu, tusiuguse. Sitaugusa, Mwalimu, lakini kwanza niuone.

Kamati imeweka mwisho tarehe 31 Julai. Siku hiyo ikipita, ukurasa wa neno hilo utaandikwa hapa ofisini. Na masharti yao unayajua: jina linalokaa juu ya sehemu ya maneno mafupi ni la aliyeyamaliza yote. Sitaki kuona jina lako limeshushwa kwenye shukrani, kwa zile herufi za kutafutwa kwa miwani.

Jana nilifungua kamusi kubwa ya hapa nijaribu kuhesabu maana za neno hili. Nilifika arobaini na kitu, nikafunga kitabu nikaenda kunywa chai. Ulisema kweli kwamba maneno marefu yana adabu, kila moja na maana yake na linakaa nayo, na kwamba yanayozurura ni haya mafupi.

Nasubiri kwa hamu.

Mhariri wa kamusi


11 Mei

Bibi Mhariri,

Barua yako imefika. Nimeifungua mimi, mume wake. Mwalimu alifariki tarehe 9 Machi. Nilidhani habari zimekufikia. Simu yake iko kwenye droo, nimeizima, maana ikilia sijui nitamwambia nini mtu wa upande wa pili.

Usione ajabu mwandiko huu. Mimi ni fundi mwashi, na kalamu yangu kwa miaka mingi ni penseli ya kuchorea ukutani. Shule niliishia darasa la saba. Yeye aliniita Fundi na mimi nilimwita Mwalimu, hata tulipogombana. Nadhani tukigombana ndipo tuliitana hivyo zaidi.

Karatasi za hilo neno zipo, kumi na tisa, kwenye kopo la biskuti. Nimezipanga kama alivyoziacha, nikazitoa kopi pale kwenye duka la madaftari. Hizi hapa. Zenyewe nimebaki nazo.

Naomba neno liingie kama lilivyo na jina lake likae juu. Alilifanyia kazi tangu Oktoba. Jioni nikirudi, kabla hata sijavua viatu, ananiuliza, "Leo umekutana na nini?" Nami najibu, "Mchanga na matofali." Anacheka, anarudi kwenye meza yake. Sasa nikikaa dakika tano kwenye kiti nainuka, nazunguka nyumba, narudi, nakaa, nainuka tena. Hili neno likishaondoka labda nitatulia.

Mimi,
mume wa Mwalimu


20 Mei

Mzee wetu,

Pole. Pole sana. Nimeandika neno hilo mara mbili na bado halijatosha. Sikuwahi kumwona Mwalimu hata siku moja. Nilimjua kwa mwandiko wake, na alivyokuwa akipigia mstari kitu anachonikatalia. Hakuna aliyetuambia. Mwezi Machi wote nilikuwa nikilalamika hapa kwamba Mwalimu siku hizi amekuwa mvivu wa kujibu. Nisamehe kwa hilo.

Karatasi zimefika na ni nzuri. Lakini sina budi kukuuliza. Ya kwanza ni mtego wa panya. Ya pili ni jua kutua. Ya tatu ni kuunga mfupa, kisha seti ya vikombe, kisha moto. Una hakika hivi ndivyo alivyoziacha? Maneno yake mengine yana mwendo, mtu anashuka nayo taratibu kama ngazi. Hapa najikwaa kila hatua. Mtoto wa shule akifungua ukurasa huu atadhani karatasi zilipeperushwa na upepo.

Sikushuku ubaya. Ila nikiipeleka hivi, kamati itaikataa siku hiyo hiyo.

Mhariri


29 Mei

Bibi Mhariri,

Nilikudanganya. Tangu nimepata barua yako sijakaa chini.

Karatasi hazikuwa kwenye kopo. Zilikuwa zimebandikwa. Mwalimu alikuwa akimaliza maana moja anaikatia karatasi na kuibandika kwa selotepu nyumbani, pale inapohusika. Ya vikombe kwenye kabati. Ya mtego kwenye mtego wenyewe. Miezi mitano nilipita katikati yake nikidhani ni mambo yake ya kazi, kama watu wengine wanavyotundika mitungo ya vitunguu. Nilikuwa nikizikwepa kwa bega nisizichafue. Sikusoma hata moja.

Siku ya msiba watu walikuja wengi. Mtu mmoja, hata simkumbuki sura, alisimama mbele ya kabati akasema, "Huyu naye alikuwa anabandika bandika nini humu?" Niliona haya kwa niaba ya Mwalimu. Nikaanza kubandua. Shemeji, mdogo wake, akanisaidia, yeye huku, mimi kule. Tukatupia zote kwenye kopo. Nilifikiri namsitiri.

Mpangilio wake ulikuwa nyumba. Nami nimeubomoa kwa mikono hii miwili, mimi ambaye maisha yangu yote kazi yangu ni kujenga.

Kama umeamua kuliandika huko ofisini, niambie tu. Nitaelewa.

Fundi


8 Juni

Mzee wetu,

Hakuna aliyeamua. Lakini nisikufiche, kamati imeshaagiza ukurasa wa akiba uandikwe, na umeshaandikwa. Uko kwenye faili. Ni safi, hauna kosa, na una baridi kama sakafu ya benki.

Umeniambia karatasi zilibandikwa. Kitu kilichobandikwa huacha alama. Wewe ni mwashi. Nani anajua kusoma ukuta kuliko wewe?

Zimebaki siku hamsini na tatu.

Mhariri


20 Juni

Bibi Mhariri,

Ulichoniambia ni kitu ambacho fundi wa wiki moja angekifikiria.

Sisi tukimaliza kupiga plasta hatuutazami ukuta kwa mbele. Tunafunga madirisha, tunashika tochi ubavuni mwa ukuta, mwanga ulale, na kila kovu linajitokeza. Nikafunga mapazia mchana, nikazima taa, nikaanza sebuleni. Kumbe selotepu hubandua rangi kidogo, ukubwa wa ukucha, mbili juu na mbili chini. Jirani alipiga hodi akanikuta nimepiga magoti na tochi. Akauliza, "Umepoteza nini?" Nikamwambia, "Neno." Akaniangalia, akasema atarudi baadaye.

Nimepata mahali pa karatasi kumi na nane. Ya mtihani, kutunga, ilikuwa juu ya meza yake. Ya kupanga tarehe ilikuwa kando ya kalenda. Ya kuunga mfupa ilikuwa kwenye mkono wa kiti nilichokalia wiki sita nilipoanguka kwenye jukwaa la ujenzi, na gundi bado ipo. Ya kukaza, kwamba mtu amekaza na habadiliki, ilikuwa kwenye fremu ya picha yangu. Hiyo nilicheka peke yangu.

Ya simenti ilikuwa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni. Ngazi hiyo niliimwaga mwaka tuliohamia. Nikamwambia usikanyage, akasema sawa, akageuka kuchukua sufuria, akaikanyaga. Alama ya kiatu ipo mpaka leo. Nilitaka kuiziba, akanikatalia, akasema hiyo ni sahihi yake. Tangu hapo sote tunairuka, na wageni wakituona tunaruka nao wanaruka.

Nimezipanga kuanzia getini kuingia ndani, kama mgeni anavyokuja: kushika njia getini, kupandikiza mche kwenye ndoo za maua, simenti, mtego, na kuendelea mpaka kitandani. Ya mwisho iko kwenye stuli ya kando ya kitanda: kuweka, "Weka miwani yako pale utakapoiona."

Moja tu haina kwake. Inasema: tayari, mtu aliyekwisha kujiandaa. Mfano: "Uko tayari? Haya, twende." Nimetafuta mpaka nyuma ya tangi la maji. Sijaona kovu.

Fundi


1 Julai

Mzee wetu,

Nilipeleka orodha kwenye kikao nikiwa na furaha kama mtoto mwenye viatu vipya. Haikudumu. Mwenyekiti alisoma mpaka chini, akavua miwani, akaniuliza, "Kuweka ndiyo ya kumi na nane? Maana ambayo hata mtoto wa chekechea anaijua imewekwa mwisho, na kushika njia mwanzo? Huyu mtu anaondoka kabla hajaamka?" Wakacheka. Nikakaa chini.

Tena wanasema maana ni kumi na tisa na mahali ni kumi na nane. Kama mpangilio ni nyumba, basi nyumba ina tundu, na kama ina tundu, watatumia ukurasa wa akiba. Nimeomba hadi tarehe ya mwisho. Wamenipa, lakini kwa sura za watu wanaompa mgonjwa dawa ya kumfariji.

Jambo jingine dogo. Mwalimu ameandika kwamba simenti "inashika". Mmoja wao amebadilisha kuwa "inaganda". Nimemwambia asubiri nimuulize fundi mwenyewe.

Silali vizuri, Mzee. Nikifumba macho naona stuli.

Mhariri


7 Julai

Shemeji,

Habari za huko. Watoto hawajambo? Mimi nipo tu.

Nakuuliza kitu, ukumbuke polepole. Siku ile tunabandua zile karatasi za dada yako, zipo ulizobandua wewe. Moja inasema "Uko tayari? Haya, twende." Uliitoa wapi? Usiniambie hujui kabla hujafikiri. Nimeshaitafuta nyumba nzima, nimesogeza hata jokofu. Ikikosekana hiyo, kazi yake yote ya maneno mafupi inachukua jina la mtu mwingine.

Shemeji yako


13 Julai

Shemeji,

Kwanza nikugombeze. Umesogeza jokofu peke yako na mkono wenyewe huo ulivunjika. Dada angekuwepo ungemsikia.

Hiyo karatasi haikuwa ukutani. Ilibanwa kwa pini ndani ya koti lako la kazi, kifuani, upande wa kushoto, lile linalotundikwa msumarini ndani ya mlango wa jikoni. Niliitoa kabla sijalifua. Koti nililikunja nikaliweka juu ya kabati la nguo. Kama hujalitafuta mpaka leo basi najua hujarudi kazini, na hilo tutalizungumza siku nyingine.

Kitu kingine nilidhani unakijua. Januari nilipokuja nilimuuliza dada, "Nyumba hii imekuwa daftari, kulikoni?" Akasema, "Zile si zangu, za Fundi. Akiamka pale kitandani mpaka atoke getini atakuwa amelisoma neno zima. Yeye asipoelewa, mwanafunzi hataelewa." Nikamwambia si umwambie tu azisome. Akasema hapana, nikimwambia atasoma kwa kunifurahisha, nataka akutane nazo mwenyewe. Ndiyo maana kila jioni alikuwa anakuuliza.

Kula, Shemeji.

Mdogo wako


18 Julai

Mwanangu Mhariri,

Niruhusu nikuite hivyo, maana hizi habari siwezi kumwandikia bibi wa ofisini.

Ya kumi na tisa imepatikana. Ilikuwa kwenye koti langu. Nimelishusha kutoka juu ya kabati, na ndani kifuani kuna vitundu viwili vya pini. Wiki zote hizi nilimulika kuta tu, koti lilikuwa limekunjwa juu yangu.

Na nilizipanga kinyume. Nilianza getini kwa sababu nilifikiri nyumba huanzia getini, ndivyo tunavyojenga. Lakini Mwalimu hakumwandikia mgeni. Aliniandikia mimi. Shemeji ameniambia kwamba neno lilianza kitandani ninapoamka na kuishia getini ninapotoka kwenda kazini, na kwamba mtu wa kulijaribu nilikuwa mimi. Kila jioni akiniuliza nimekutana na nini alikuwa anauliza ni karatasi ipi nimeisoma leo. Nami namjibu mchanga na matofali. Miezi mitano. Na anacheka, anasubiri kesho.

Basi jana asubuhi nilizibandika zote mahali pake, kila moja juu ya kovu lake. Nikalala tena kitandani na nguo zangu, mchana kweupe, nikaamka kama mtu anayeamka. Nikatembea.

Mwambie mwenyekiti wako asikilize. Mkono unaponyooka kwanza ni kwenye stuli: kuweka, weka miwani. Ndiyo ya kwanza, kama anavyotaka. Kando yake saa: kutega saa iamshe. Dirishani: jua kutua, maana dirisha letu linatazama upande huo. Kioo: kuzitengeneza nywele kwa roli. Sebuleni kuna kalenda, picha yangu, meza yake, redio, kiti, kabati la vikombe, na zile nyingine nilizokuorodheshea. Meza ya chakula: kuandaa meza kwa watu wawili. Jikoni moto, kisha stoo mtego. Saa hutegwa na panya hutegewa. Nilisimama pale nikaona jinsi neno lilivyotoka chumbani likapita nyumba nzima likafika stoo bila kukatika. Halafu msumari wa koti: uko tayari? Halafu ngazi: haijashika, usikanyage. Halafu mche kwenye ndoo. Halafu geti: kushika njia.

Nyumba haina tundu. Niliposoma ya mwisho nilikuwa nimeshika komeo la geti, nimevaa koti, na nilikuwa nimelielewa. Sijui Kiingereza, lakini hilo moja nalijua sasa, ukiniamsha nakutajia. Kama walitaka mtu wa kulijaribu, alishapatikana, amechelewa tu.

Na huyo wa kuganda mwambie hivi: maji hugandishwa na mafuta huganda, na ukiyapasha moto yanarudi. Simenti inashika. Ikishashika hairudi.

Fundi


29 Julai

Baba,

Nimekubali uliponiita mwanao, na wewe ukubali hili.

Kikao kilikuwa jana. Sikupeleka orodha. Nilisoma barua yako yote kwa sauti, tangu "Niruhusu nikuite hivyo". Nilipofika kwenye mchanga na matofali mmoja alitoka nje akasema anakwenda kuongea na simu. Simu yake ilikuwa mezani. Nilipomaliza mwenyekiti akasema, "Mimi chumba changu kiko nyuma karibu na stoo. Kwangu neno hili lingeanza na panya." Wakacheka, lakini safari hii si kama ile.

Kisha akauliza ukurasa wa akiba ufanywe nini, na nani atamwambia aliyeuandika. Nikasema hakuna haja ya kumwambia. Niliuandika mimi, Baba. Niliuandika Mei hiyo hiyo, wiki niliyopata habari za msiba, na jina langu lingekaa juu. Miaka tisa nipo hapa na jina langu halijawahi kukaa juu ya kitu. Kwa hiyo nilipokuandikia kwamba najikwaa kila hatua, nilikuwa nasema kweli, lakini sehemu yangu moja ilifurahi. Nisingeweza kukuficha hilo halafu nikuite Baba. Nimeuchana mbele yao, mara mbili, maana mara moja niliona ungeweza kuungwa.

Maana kumi na tisa, kuanzia kitandani hadi getini. Simenti inashika. Jina la Mwalimu liko juu, nimeliona kwa macho yangu kwenye ukurasa wa kwanza wa majaribio, na nimeuambatanisha hapa.

Ningependa kuja kuiona hiyo nyumba, kama hutachoka na wageni. Nami nilijifunza kwake, kwa barua tu, na sijui hata alikuwa mrefu au mfupi.

Mhariri


8 Agosti

Mwanangu,

Alikuwa mfupi. Alifika hapa kwenye kifua changu, palepale pini ilipokuwa.

Nakuandikia nikiwa kazini, juu ya mfuko wa simenti, saa ya chakula. Nimerudi Jumatatu. Ukurasa wako nimeukunja nimeuweka ndani ya koti. Wenzangu wameniuliza kilichonikalisha nyumbani muda wote huo nikawaambia nilikuwa shule, wakasema inaonekana, nimekonda.

Kuhusu ukurasa ulioandika wewe, sina neno baya. Uliniambia nisome ukuta kabla hujaniita Baba. Mtu aliyetaka nishindwe asingeniambia hivyo.

Njoo wakati wowote. Karatasi bado zipo mahali pake, sijazitoa, na jioni nikirudi huwa najibu swali kwa sauti. Jana nilikutana na kabati: seti ya vikombe sita, kimoja kimevunjika, bado ni seti.

Ukifika, usigonge mlango wa mbele, hausikiki. Zunguka uingie kwa jikoni. Kuna ngazi yenye alama ya kiatu, na wote hapa tumezoea kuiruka. Wewe usiiruke. Weka mguu wako palepale. Imeshika siku nyingi.

Fundi